Matatu, gia na masafa yasiyotulia

Juzi nilirekodi kwa simu mngurumo wa matatu kutoka Ngara hadi Pangani. Konda alinitazama kama mpelelezi. Injini ya petroli ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huwasha mafuta mara 100 kwa sekunde; ikishuka hadi mizunguko 1,200, ni mara 40. Hayo ndiyo masafa yake, yaani idadi ya mipigo kwa sekunde, na hayatulii: dereva akibadilisha gia yanaporomoka, akikanyaga mafuta yanapanda tena.

Ukiipa hesabu ya Fourier, inayoichambua sauti katika masafa yake, rekodi nzima kwa mkupuo, inakuchorea kilima kipana, kutoka 40 hadi 100. Si uongo, masafa yote yamo. Kilichopotea ni wakati: lipi lilitokea lini. Icheze rekodi kinyumenyume, kilima ni kilekile.

Mwanafizikia Dennis Gabor alieleza dawa mwaka 1946: pitisha dirisha jembamba juu ya rekodi, upige hesabu kipande kwa kipande. Lakini dirisha la sekunde moja hutenganisha 40 na 41 huku gia ikibadilishwa ndani yake usijue ni wakati gani. Dirisha la sehemu ya kumi ya sekunde huinasa gia, ila 40 na 45 huonekana kitu kimoja. Usihangaike kununua kompyuta kubwa. Kikwazo kimo katika hesabu yenyewe.

Jean Morlet, Mfaransa aliyechambua mitetemo ya ardhi katika utafutaji wa mafuta, alitumia dirisha linalonyumbuka: fupi kwa masafa ya juu, refu kwa ya chini. Ndizo weveleti, na wanafunzi wangu wanazipenda kupita kiasi kwa sababu ya rangi za picha zake.

Chukua mvua ya Nairobi. Kwenye picha hiyo masika na vuli hukupa mstari wa miezi 6 kando ya ule wa 12, na msimu mmoja ukikosa, wa miezi 6 hufifia. Hilo naliamini. Tatizo ni madoa mengine ya rangi. Takwimu za hali ya hewa zina kumbukumbu, mwezi huu hufuata uliopita, na hata kelele tupu, yaani namba za bahati nasibu, yenye kumbukumbu hiyo huchora madoa ya kupendeza. Ndiyo maana watafiti wa hali ya hewa Torrence na Compo, mwaka 1998, walilinganisha kila doa na kelele ya namna hiyo kwanza.

Tena kuna pembeni mwa picha, ambako dirisha huning'inia nje ya takwimu. Mwanafunzi mmoja aliniletea mzunguko wa miaka 20 kutoka rekodi ya miaka 35. Dirisha la mzunguko huo lilikuwa refu kuliko rekodi yake. Nikamuuliza, "Sasa hii nusu nyingine ya mvua uliipimia wapi?"