Kabla hujasema kompyuta imekufa

"Fundi, kompyuta yangu imekufa." Maneno haya nayasikia karibu kila siku hapa Mtwara, na jibu langu huwa ni swali: imekufa ikiwa imefika wapi?

Basi la kutoka Dar likichelewa hatusemi limekufa. Tunapiga simu kuuliza limekwama wapi, Kibiti, Nangurukuru au limeshafika Mingoyo. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilipokatika maeneo ya Somanga, magari yaliyokwama pale yalikuwa mazima kabisa. Njia ndiyo iliyoharibika. Kompyuta nyingi ninazoletewa ziko hivyohivyo: ni nzima, ila kuna mahali njia imekatika.

Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, kwanza umeme unaingia. Kisha mashine inajikagua yenyewe: RAM (kijibao chembamba cha kumbukumbu ya muda) ipo, kibodi ipo, diski inayotunza mafaili ipo. Ikiridhika ndipo inakwenda kwenye diski kuichukua Windows, ile programu kuu inayoiendesha kompyuta. Ukijua imeishia wapi, umeshafanya nusu ya kazi yangu.

Tuanze na ile isiyotoa taa wala sauti. Hapo usifungue kitu, anza ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye tundu lilelile uone kama inachaji. Kama unatumia ekstensheni, iache kando kwanza, chomeka moja kwa moja ukutani. Plagi zetu za miguu mitatu nyingi zina fyuzi ndani, na fyuzi ikikatika waya unabaki mzuri kwa macho lakini haupitishi umeme. Nyuma ya lile boksi tunaloliita CPU kuna swichi ndogo ambayo mtoto au fagio huizima bila mtu kujua. Pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya boksi) za zamani zina pia kiswichi chekundu chenye namba 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo kikae kwenye 230 siku zote. Kikiwekwa 115 halafu ukawasha, pawasaplai inaungua papo hapo. Kwa laptopu, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, halafu ijaribu kwa chaja peke yake. Umeme ukikatika, chomoa kompyuta ukutani, na ukirudi usiwe na haraka. Subiri dakika chache utulie.

Sasa ile ambayo taa inawaka, feni inazunguka, lakini kioo ni cheusi. Hii ndiyo inayowatoa watu pesa bila sababu, na kwa sisi tunaokaa karibu na bahari ndiyo ninayokutana nayo zaidi.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Mikindani aliniletea ya kwake akiwa ameifunga kwa kanga mbili, kwenye bajaji.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imeungua, ninunue nyingine. Nikasema nipite kwako kwanza."

Nikaiwasha. Ilipiga mlio mrefu, ikanyamaza, ikapiga tena. Nikafurahi, maana mashine inayolia bado inajitambua. Mpangilio wa milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji, lakini mlio unaojirudia pamoja na kioo cheusi hunipeleka kwenye RAM kabla ya kitu kingine chochote. Nilipoichomoa, yale meno yake ya rangi ya dhahabu yalikuwa yamefifia na kuingia ukungu. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na kwa mwalimu ule upepo wa bahari unaingia dirishani mchana na usiku. Mgusano unadhoofika kidogo kidogo mpaka siku moja mashine inajikagua, haioni RAM, inasimama.

Nilimwomba raba ya penseli. Mwalimu hakosi raba. Ilikuwa kwenye mkoba wake.

Kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe kwenye kompyuta ya mezani. Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua ubavu wa boksi. Gusa chuma cha boksi kwa mkono kabla hujagusa kingine chochote, kwa sababu umeme mdogo wa mwilini, ambao hata huusikii, unaweza kuua RAM. Sukuma vishikizo vya pembeni, RAM itanyanyuka. Ishike kwa kingo zake, sugua meno taratibu kwa raba safi pande zote mbili, pangusa vumbi la raba kwa kitambaa kikavu. Msasa hapana, maji hapana. Ukiirudisha, angalia lile pengo dogo liendane na alama kwenye nafasi yake, kisha kandamiza mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe. Kama zipo mbili, jaribu moja moja, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigusa vitatu kwa pamoja halafu ikawaka, hutajua kilichokuwa kinasumbua ni kipi.

Ile ya mwalimu iliwaka mara ya kwanza. Zile kanga zifunike kompyuta ikiwa imezimwa tu. Ikiwa inafanya kazi zinaziba hewa, na joto litamaliza kile ambacho chumvi haijakigusa. (Kabla ya kufungua chochote, hakikisha tu kwamba kioo chenyewe kina umeme na waya wake haujalegea. Nimeshaona.)

Kama inawaka, inaonyesha maandishi, halafu inagoma kuingia Windows, chomoa flashi zote. Mashine nyingine huitafuta Windows ndani ya flashi uliyoisahau, isipoiona inasema haina pa kuanzia. Ukikuta pia tarehe imerudi miaka mingi nyuma, na tovuti zote zinadaiwa si salama, tazama betri ndogo ya duara kwenye madabodi. Nyingi ni CR2032, ya volti 3. Weka mpya, rekebisha saa.

Nataka uyashike sana haya ya mafaili. Watu wengi dawa yao ya kwanza ni "kupiga Windows", yaani kuiweka upya. Huenda ikasaidia, lakini ikipigwa kwa kufuta diski inaondoka na picha za harusi, barua na hesabu za duka. Dada mmoja alikuja kwangu akilia baada ya kupigiwa Windows mahali pengine bila kuulizwa neno. Picha pekee za marehemu baba yake zilikuwa humo, na sikuweza kuzirudisha zote. Fundi akitaka kupiga Windows, mwambie ahamishe mafaili kwanza mbele ya macho yako. Na diski ikianza kugonga tak, tak, tak, zima hapohapo. Usiendelee kuwasha kujaribu, kila dakika inaweza kuikwangua zaidi.

Flashi ikionyesha vinjia vya mkato (shortcut) tu badala ya mafaili, usiifute. Mara nyingi kirusi kimeyaficha mafaili, hakijayala.

Ukishindwa, njoo. Njoo na waya wake wa umeme au chaja yake, na ukiweza piga picha ya maandishi yanayotokea kwenye kioo kabla hayajapotea. Niambie ilifika wapi, na nani aliigusa mara ya mwisho, hata kama ni mtoto. Hatagombezwa.