Sahani ya wali maharage: pale faida ya mama lishe inapovujia

Chukua mama lishe mmoja wa Dar es Salaam anayeuza sahani 40 za wali, maharage na mchicha kwa siku, kila sahani Sh 2,000. Jioni ameshika Sh 80,000. Hesabu ya siku yake ni hii. Bei ni za mfano, nawe weka za soko lako:

Mchele kilo 6: 15,600
Maharage kilo 3: 9,600
Mafuta lita 1: 6,000
Nazi 3: 3,000
Nyanya, vitunguu, chumvi: 5,000
Mchicha: 4,000
Mkaa makopo 4: 8,000
Maji ndoo 8: 2,400
Msaidizi: 8,000
Nauli na mizigo: 3,000
Ushuru na usafi: 1,000

Jumla ni Sh 65,600. Anabaki na Sh 14,400. Kama aliinjika sufuria ya kwanza saa 10 alfajiri na akaosha ya mwisho saa 10 jioni, ametumika saa 12 kwa Sh 1,200 kila saa, na hapo bado hatujagusa sahani mbili tatu alizowabebea watoto nyumbani.

Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba watu bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya wenye kazi duniani, wako katika kazi zisizo rasmi. Wengi wao wana kazi tele. Umaskini wao umo ndani ya kazi yenyewe, katika zile mia tano na elfu moja zinazopotea kabla siku haijaisha. Ndiyo maana kila ninapoombwa ushauri juu ya mkopo, naomba kwanza kuona jiko, sufuria na daftari.

Tuanze na mkopo huohuo, kwa kuwa ndiyo unaowakamua wengi. Ule wanaouita kausha damu huwa hivi: unaomba 200,000, unakatwa 10,000 ya fomu, unapokea 190,000, kisha unalipa 8,000 kila siku kwa siku 30. Umelipa 240,000. Afisa atasema riba ni asilimia 20. Angalia tena. Ulichopokea ni 190,000, kwa hiyo gharama ni 50,000. Tena hukukaa na 190,000 mwezi mzima, maana ulianza kurudisha kesho yake. Kwa wastani mkononi mwako ilikuwa nusu tu, kama 95,000. Kutoa 50,000 kwa kutumia 95,000 mwezi mmoja ni zaidi ya nusu ya pesa yenyewe. Na yule mama wa 14,400, akishatoa marejesho ya 8,000, anabaki na 6,400 ya kodi, ada na chakula cha usiku. Siku sahani tano zikilala amepoteza 10,000, amebaki na 4,400, na marejesho yanamdai 8,000. Hapo ndipo anapokwenda kukopa kwa wa pili ili amlipe wa kwanza.

Sasa jiko. Hapa ndipo pesa nyingi imekaa, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Maharage ndiyo yanayokula mkaa kuliko kitu kingine chochote kibandani. Makavu yasiyolowekwa huchukua saa mbili hadi mbili na nusu kuiva, na yakiwa ya zamani, yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu, hayalainiki hata ukeshe nayo. Yaloweke saa 2 usiku, maji mara tatu ya maharage, asubuhi mwaga maji hayo na uweke mapya. Muda wa kuiva hupungua kwa theluthi hadi nusu. Nyanya, ndimu au ukwaju visiingie mpaka maharage yawe yameshalainika, kwa sababu uchachu hukaza ganda. Maji ya kisima yenye chokaa nayo hukaza. Kama una maji ya bomba ya ndoo mbili tu, moja iwe ya maharage. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na ladha, na mteja wa kila siku huionja.

Maji yakishachemka hayapandi joto tena. Sufuria inayorusha mapovu na ile inayotokota taratibu zote ziko kwenye nyuzi 100 hivi, na maharage yanaiva kwa muda uleule. Kwa hiyo yakichemka, punguza moto: ziba mlango wa hewa wa jiko ubaki upenyo wa kidole, funika sufuria, weka jiwe juu ya mfuniko kama umepinda. Wapishi wengi huacha mlango wazi tangu asubuhi hadi mwisho, na huo ni mkaa unaoteketea kuchemsha mvuke.

Jiko lenyewe: la bati tupu hupeleka kwenye sufuria robo ya joto la mkaa au chini yake. Lenye kuta za udongo wa kuchomwa, likiwa zima, hupeleka zaidi ya theluthi. Nasema likiwa zima kwa sababu ukuta wa udongo hupasuka mtu anapozima moto kwa kumwagia maji, kisha jiko linabaki la bati lenye uzito wa bure. Zima kwa kufunga mlango na kufunika juu kwa sinia la chuma, na makaa yaliyobaki utayawasha kesho. Jambo lingine ni ukubwa: sufuria ya lita 20 juu ya jiko dogo inapata moto katikati tu, wali unaungua chini na pembeni ni mbichi.

Na gesi? Kilo 1 ya gesi inapika kazi ya kilo 4 hivi za mkaa kwenye jiko la bati, au kilo 2 na nusu kwenye jiko zuri la udongo. Kanuni yangu kwa mwenye jiko la bati ni rahisi. Gawa bei ya kilo ya gesi kwa 4. Mtungi wa kilo 15 ukiwa Sh 57,000, kilo ni 3,800, gawa kwa 4 unapata 950: kilo ya mkaa ikizidi hapo, gesi ni nafuu. Sasa pima kopo lako la mkaa kwenye mizani. Likiwa na kilo 1.2 na unalinunua 2,000, unalipa karibu 1,670 kwa kilo, mbali kabisa juu ya 950. Yale makopo manne ya 8,000 ni kilo 4.8, na kazi yake inafanywa na kilo 1.2 za gesi, yaani Sh 4,560. Tofauti ni 3,440 kwa siku, karibu robo ya kipato chake. Vyakula vya sahani moja vinamgharimu 1,080, kwa hiyo kila sahani ya ziada inamwachia 920. Akiba hiyo ya gesi ni sawa na kuuza karibu sahani nne zaidi kila siku bila kumtafuta mteja hata mmoja.

Kinachomzuia ni kwamba 57,000 inatakiwa kwa mkupuo na mkaa unanunuliwa kwa elfu mbili mbili. Mtungi huo utamchukua siku 12 hivi. Atenge 4,800 kila jioni, kwenye simu au kwenye kopo lililofungwa, kabla ya kutumia chochote. Asipotenga, siku ya kumi na mbili anarudi kwenye kopo la mkaa na jiko la gesi linakuwa meza.

Tahadhari ya usalama siwezi kuipita. Gesi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Kibanda kimoja kisiwe na mtungi unaovuja na jiko la mkaa linalowaka. Kila ukibadili mtungi, paka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Likitoa mapovu, funga. Kale kajiko kanakokaa juu ya mtungi wa kilo 6 ni ka sufuria ndogo. Ukikabebesha lita 20 kanapinduka. Nunua jiko la chuma lenye miguu minne, na kidhibiti cha gesi kiwe cha jiko hilo.

Baada ya moto, kipimo. Kilo 1 ya mchele huiva ikawa kilo 2 na nusu hadi 2.8, yaani sahani 7 za wali zenye gramu 350 hadi 400. Kilo 6 zinakupa 40. Ukipakua kwa upawa na macho, mteja wa kwanza anapata mlima, wa mwisho anapata ukoko, na kilo zilezile zinaishia sahani 34. Pakulia bakuli la nusu lita, lijae, ulipindue kwenye sahani. Wateja hawalalamiki wakiona kila mtu anapata sawa. Wanalalamika wakiona jirani amependelewa.

Chakula kilicholala ni hasara kamili ya 2,000, kwa kuwa gharama zote zimeshaingia. Usipike 40 kwa mkupuo. Pika 28, na saa 6 na nusu angalia foleni ndipo uinjike sufuria ya pili. Wali uliokaa vuguvugu tangu mchana usiuzwe kesho: vijidudu vyake huvumilia kuchemshwa na sumu yao haiondoki kwa kupasha. Wali unaosubiri wateja wa siku hiyohiyo utunze ukiwa wa moto, juu ya nyuzi 60, kwa kuifunga sufuria katika blanketi zito ndani ya kikapu, nao utakaa hivyo saa kadhaa bila mkaa.

Madeni ya wateja: kwa mafundi wa ujenzi wanaolipwa Jumamosi, zungumza na msimamizi wao alipe yeye kwa kadi ya alama, alama moja kwa sahani. Kwa mpita njia, hapana.

Mchele, mafuta na maharage vinunuliwe pamoja. Mama lishe watano wanamaliza gunia la mchele la kilo 100 kwa siku tatu hivi. Kinachovunja ushirika huo ni kugawa kwa kukisia na mmoja kuchukua bila kulipa, kwa hiyo mzani uwe wa kwanza kununuliwa, na mtu alipe kabla gunia halijafunguliwa. Kikundi hicho kikikaa miezi mitatu bila ugomvi, ndipo kiongeze watu na kuanza kuweka hisa, yaani akiba ya kila mwanachama: watu 15 hadi 25, sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu na sanduku kwa wa nne, mkopo usizidi mara tatu ya hisa za mtu.

Hapo mkopo una maana. Sheria ya mwaka 2018 inazitaka halmashauri za Tanzania kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ikarejeshwa mwaka 2024. Vikundi vingi vilivyoshindwa kurejesha viliundwa kwa ajili ya fomu, vikapokea fedha taslimu, vikagawana, kila mtu akaenda zake. Kwenye andiko lenu ombeni vitu: majiko matano, mitungi ya kilo 15, mizani, sufuria zenye mifuniko inayokaa. Ambatisheni daftari la siku 30 la kila mwanachama, lenye safu nne tu: sahani zilizopikwa, zilizouzwa, pesa ya moto, pesa iliyobaki. Rejesho la mwezi lisizidi kile ambacho moto mpya unawaokolea; kwa mfano wetu, 3,440 mara siku 26 za kazi ni Sh 89,440 kwa mtu mmoja.