Bunduki ya upepo: unayoambiwa na muuzaji na yanayoonekana kwenye karatasi

Bunduki yangu ya kwanza ya upepo niliiwekea akiba miezi minane. Boksi lilikuwa na picha nzuri na maandishi makubwa: futi 1,200 kwa sekunde. Nikaipeleka shambani kwa mjomba, Kigamboni, nikabandika karatasi kwenye ubao mbele ya tuta la udongo, nikahesabu mita ishirini, nikalaza mkono kwenye gunia la mchanga na kupiga risasi kumi. Matundu yalitawanyika kama mbegu za papai. Mawili hayakuigusa karatasi kabisa. Muuzaji alikataa kuipokea, akasema tatizo ni mimi.

Iliniuma sana. Tangu siku hiyo nimefungua bunduki kadhaa na kukaa na wazee wanaoujua mchezo huu, na nimegundua kwamba karibu kila nililoambiwa siku ile halikuwa kweli. Naandika kwa ajili ya mwenzangu ambaye hela yake bado iko mfukoni.

Dhana: Bunduki yenye kasi kubwa ndiyo yenye shabaha.

Ukweli: Hii ndiyo iliyoniponza, na ndiyo inayowaponza wengi. Katika joto la Dar la nyuzijoto 30, sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde. Futi 1,200 ni mita 366. Risasi ya bunduki ya upepo ina kichwa, kiuno chembamba na sketi nyuma, na umbo hilo halikutengenezwa kwa mwendo huo. Ikikaribia kasi ya sauti hewa huivuruga, ikaanza kuyumba, na kila moja huyumba kivyake. Tena namba ya kwenye boksi mara nyingi hupatikana kwa risasi nyepesi za aloi, si zile nzito utakazonunua baadaye.

Watazame wanaoshindana. Bunduki ya upepo ya mita 10 iliingia Olimpiki mwaka 1984, Los Angeles. Alama ya kumi kwenye shabaha yao ni kitone cha nusu milimita. Risasi yao ya milimita 4.5 hutoka kwa mita kama 175 tu kwa sekunde, haifiki hata nusu ya ile iliyoandikwa kwenye boksi langu. Wanachokitafuta ni kasi ileile kila mara, ya kwanza mpaka ya sitini. Kwa hiyo muuzaji akianza na kasi, mwombe karatasi yenye matundu.

Dhana: Ukiikaba kwa nguvu haitikisiki.

Ukweli: Kwa bunduki ya springi, kama ile yangu, ni kinyume kabisa. Ukivuta kifyatulio, springi inasukuma pistoni nzito mbele na bunduki inaruka nyuma. Pistoni ikifika mwisho na kugota, bunduki inarudi mbele. Yote hayo yanatokea risasi ikiwa bado ndani ya mtutu. Ukiikaba, leo utaikaba hivi na kesho vile, na matundu yatafuata mkono wako. Mzee mmoja alikaa kando yangu, akaona vidole vyangu vilivyobadilika rangi kwa kubana, akaniambia: “Mwanangu, usiizuie. Iache iruke, ila iruke vilevile kila mara.” Akanionyesha: kiganja cha kushoto wazi chini ya mbao ya bunduki, palepale siku zote, bega limeguswa tu, shavu limelala bila kukandamiza. Kwenye karatasi iliyofuata, mtawanyiko wa matundu ulipungua kwa nusu. Haukuwa mzuri bado, lakini ulipungua kwa nusu bila kutumia hata shilingi.

Dhana: Ikipiga ovyo, mtutu ni mbovu.

Ukweli: Anza na bisbisi. Mruko wa springi hulegeza skrubu za kwenye mbao, na robo mzunguko tu inatosha kuharibu kila kitu. Kisha darubini. Darubini ya kawaida hutengenezwa kuhimili kurudi nyuma, ila bunduki ya springi huruka pande mbili, na vioo vya ndani hulegea. Nunua iliyotengenezwa kwa bunduki za upepo, ambayo pia unaweza kuirekebisha kwa umbali wa mita 10 au 20. Mwisho, kama ni ile inayokunjwa mtutu ili kukaza springi, ifunge, ushike ncha ya mtutu na kuisukuma kulia na kushoto. Yangu ilicheza. Kidogo sana, lakini niliisikia kwa vidole: tik, tik. Hapo nilijua kwamba muuzaji hakuwa na haki ya kunilaumu mimi peke yangu.

Dhana: Risasi ni risasi, mradi saizi iwe moja.

Ukweli: Tofauti ya sehemu ndogo sana ya milimita inatosha kwa mtutu kuikataa. Nunua makopo matatu ya aina tofauti, piga tano tano, upime kwa rula. Kabla ya hapo zimwage kwenye kioo na uziviringishe. Zilizobonyea sketi utaziona zinavyochechemea. Weka kando.

Dhana: Ya gesi haina usumbufu.

Ukweli: Kwa Dar, fikiria mara mbili. Shinikizo la hewa ukaa, gesi inayosukuma risasi kutoka kwenye kimtungi chake, hufuata joto: kwenye nyuzijoto 20 ni kama baa 57 (baa ni kipimo cha shinikizo), kwenye 30 ni kama 72. Asubuhi kivulini na saa nane juani ni bunduki mbili tofauti. Ukipiga harakaharaka kimtungi hupoa na kasi hushuka. Zile zinazojazwa hewa kwa pampu mpaka baa 200 hupiga vizuri sana kwa sababu haziruki, lakini hewa yetu ina unyevu mwingi; bila kichujio, maji huingia na kutu huanza kwa ndani. Na kwa nje, yeyote anayeishi karibu na bahari apitishe kitambaa chenye oili kidogo kila baada ya kuishika. Alama za vidole vyangu ziligeuka kutu ndani ya wiki.

Dhana: Ni mwanasesere, haina sheria.

Ukweli: Inaweza kutoboa jicho, na imewahi kuua watu. Ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015; anzia kituo cha polisi, uulize kabla ya kulipa. Kuwinda ndege bila leseni nako ni kosa la wanyamapori.

Ya pili niliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Imetumika, ya Kijerumani, mbao zake zina mikwaruzo. Nilimwomba nijaribu kwanza, akakubali, tukaenda kwenye tuta lilelile la mjomba. Mita ishirini, risasi tano. Mjomba akatoa sarafu ya shilingi mia mbili mfukoni, akaiweka juu ya karatasi, na matundu yote matano yakafunikwa. Boksi lake lilikuwa limechanika, na halikuwa na namba yoyote ya kasi.