Kipimo kwanza, spana baadaye: ninavyowaandaa wanafunzi wa ufundi wa magari

Chuo cha ufundi kikimtoa kijana anayeweza kushusha injini, kuifungua na kuirudisha ikawaka, watu humwona fundi kamili. Mimi nafundisha ufundi wa magari, na kijana huyo namhesabu kuwa amefika nusu ya safari. Kinachompa mtu ajira na kumdumisha ndani yake ni kitu kingine: kusimama mbele ya gari lenye hitilafu, mwenye gari akiwa pembeni, na kusema tatizo liko hapa, nimelijua kwa kipimo hiki. Kubadilisha kifaa hujifunzwa kwa kurudiarudia. Kuthibitisha kwamba kifaa hicho ndicho kibovu kunataka namna fulani ya kufikiri, na namna hiyo haiji yenyewe hata mtu akae gereji miaka mingi. Wapo mafundi hodari wa mikono ambao bado wanapiga ramli: wanabadilisha plagi, gari halitulii, wanabadilisha koili, bado, wanabadilisha pampu ya mafuta, bado. Na kila kifaa kinalipiwa na mteja.

Mfano ninaoanza nao kila darasa jipya ni gari lisilowaka. Mwanafunzi anageuza ufunguo, stata (mota inayozungusha injini ili iwake) inagonga "tik" mara moja, kisha kimya. Ukiwauliza wote tatizo ni nini, watakwambia betri. Huenda ni kweli, lakini tunachukua multimita, yaani mita ya kupima volti, ampea na omu. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.0 imebakiza kama robo ya chaji, na swali linageuka kuwa kwa nini imeishiwa. Ikisoma 12.6, tunageuza ufunguo tena huku macho yakiwa kwenye mita. Ikiporomoka chini ya 9.6 hivi, ama betri imechoka ama stata inavuta umeme kupita kiasi. Ikibaki juu, tuseme 12, na stata haizunguki, tunaiacha betri kando na kutafuta ni wapi njiani umeme unazuiwa.

Hapo ndipo somo lenyewe linapoanza. Wengi hukimbilia kuchomoa waya mnene wa hasi na kuupima kwa omu, yaani jinsi unavyokinza umeme. Mita inasoma karibu sifuri, wanasema waya ni mzima. Kumbe waya huo unaweza kuwa umeliwa na kutu ndani ya ganda lake, zimebaki nyuzi chache tu, na mita bado ikasoma sifuri. Sababu ni kwamba kipimo cha omu hupitisha mkondo mdogo mno, na nyuzi chache zinautosha kabisa. Stata inataka ampea 150, pengine 200 na zaidi. Kwa hiyo waya tunaupima ukiwa kazini: ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri (nguzo yenyewe, si kibanio kilichoishika), ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mwenzako ageuze ufunguo. Njia ikiwa safi, mita itaonyesha volti 0.2 au chini. Ikionyesha 1.5, kuna kitu kinakula umeme kati ya pointi hizo mbili, na unaweza kusogeza ncha hatua kwa hatua hadi ukikute: kibanio kilicholegea, bolti yenye kutu, au waya uliooza.

Kisha nawapa kalamu. Ukinzani wa omu 0.01, ukipitiwa na ampea 150, unakula volti 1.5. Hakuna multimita ya kawaida itakayoiona omu 0.01. Kanuni ya Ohm (volti ni ampea mara omu), ambayo wengi waliikariri sekondari ili wafaulu mtihani, hapo inakuwa chombo cha kazi kama spana namba 13. Ndiyo maana siungi mkono mitaala inayoweka umeme mwishoni, baada ya injini, klachi, gia boksi na breki. Umeme uanze muhula wa kwanza na uendelee hadi siku ya mwisho, kwa sababu karibu kila mfumo wa gari la leo una sensa, waya na kompyuta ndani yake.

Kodi si hukumu

Mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huhifadhi, imeleta neema kubwa na mazoea mabaya kwa pamoja. Neema ni kwamba tundu la gari inapochomekwa ni la aina moja, lenye pini 16. Marekani ililifanya la lazima kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2001 kwa magari mapya ya petroli. Mazoea mabaya ni kuisoma kodi kana kwamba imetaja kifaa cha kununua.

Chukua P0171. Maana yake ni kwamba kompyuta imeona mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta upande wa kwanza wa injini. Basi. Haijasema sensa ya oksijeni ni mbovu. Mara nyingi sensa hiyo ndiyo iliyofanya kazi yake vizuri na kutoa taarifa. Hewa inaweza kuwa inaingia kwa mlango wa nyuma kupitia mpira uliopasuka au gasketi ya manifoldi. Sensa ya kupima hewa inaweza kuwa chafu. Pampu ya mafuta inaweza kuwa dhaifu, au filta imeziba. Hata bomba la moshi likivuja kabla ya sensa, jibu linapotoka.

Namna ya kutenganisha hayo imo ndani ya mashine hiyohiyo, kwenye tarakimu zinazoonyesha kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta kwa asilimia ngapi. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, tuseme inaongeza asilimia 20. Panda hadi mizunguko 2500 kwa dakika. Tarakimu ikishuka karibu na sifuri, tafuta hewa inayovuja: tundu la uvujaji ni lilelile, lakini sasa injini inavuta hewa nyingi kiasi kwamba uvujaji huo ni sehemu ndogo tu ya jumla. Tarakimu ikizidi kupanda kadiri unavyoitwisha injini mzigo, angalia upande wa mafuta au sensa ya hewa. Mwanafunzi aliyeelewa sababu hiyo hahitaji kukariri orodha ya kodi, na siku atakapokutana na kodi ambayo hajawahi kuiona ataifuata kwa njia hiyohiyo.

Hata mitandao ya mawasiliano kati ya kompyuta za gari, inayowatisha wengi, ina vipimo vya namna hii. Katika magari mengi yenye mtandao wa CAN, ukitenganisha betri na kupima ukinzani kati ya pini namba 6 na 14 za tundu la uchunguzi, utapata omu 60 hivi, kwa kuwa kila mwisho wa mtandao una kizuizi cha omu 120. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukikaribia sifuri, nyaya mbili zimegusana.

Ninavyofundisha kufikiri

Napandikiza hitilafu. Gari moja kuukuu linalowaka lina thamani kwangu kuliko injini kumi zilizowekwa juu ya stendi, kwa sababu injini ya stendi haina mteja wala historia, na hitilafu zake nyingi zimekwisha kuonekana. Kwenye gari linalotembea naweza kulegeza pini ndani ya soketi, kuweka kizuizi kidogo kwenye waya wa sensa ya joto, kutoboa mpira wa hewa, au kuweka fyuzi iliyokatika kwa ufa mdogo usioonekana kwa macho. Ninapopandikiza nahakikisha hitilafu haiathiri breki wala usukani, na gari halitoki uwanjani.

Sharti ni moja, na silegezi: hakuna kugusa spana kabla ya kuandika. Mwanafunzi aandike analoshuku, kipimo atakachotumia, na tarakimu anayotarajia kifaa kikiwa kizima. Hilo la mwisho ndilo gumu kwao na ndilo ninalolithamini zaidi. Mtu akipima bila kujua anatarajia nini, mita itampa tarakimu na hataweza kuitumia. Nikisahihisha, alama nyingi zinakwenda kwenye njia. Aliyebahatisha na kupatia anapata chache kuliko aliyekosa jibu akiwa amepima kwa mpangilio na kujua ni wapi alikwama.

Maandishi hayo yanamzoesha pia kadi ya kazi, ambayo gereji yoyote yenye utaratibu itaidai: mteja amelalamika nini, chanzo kimeonekana wapi, kimerekebishwaje. Na kabla ya kadi kuna mazungumzo. Linatokea injini ikiwa baridi au imepata moto? Ukikata kona kushoto au kulia? Lilianza baada ya kujaza mafuta, au baada ya fundi mwingine kulishika? Nawafanya waulizane kwa zamu, mmoja akiwa mteja, na nawazuia wasimkatize. Mteja hajui majina ya vifaa, lakini gari lake amelisikiliza kila siku. Sauti anayoieleza kwa mdomo na mikono inaweza kukuokolea saa nzima.

Mikono sijaisahau. Kufunga nati za tairi kwa kuvuka upande hadi upande, kumalizia kwa torki spana (spana inayopima nguvu ya kukaza), kuanza kila bolti kwa vidole ili usiharibu meno, kujua kwamba bolti za silinda hedi katika injini nyingi za sasa hufungwa kwa kipimo cha torki kisha kwa nyuzi za pembe, zinavutika, na nyingi hazitumiki mara ya pili. Haya yamo kwenye kitabu cha matengenezo cha gari husika, na mwanafunzi lazima azoee kukifungua. Fundi anayeona aibu kusoma kitabu mbele ya mteja amefundishwa vibaya.

Usalama nao naufundisha kwa sababu zake, kwa kuwa amri bila sababu husahaulika mwalimu akigeuka. Jeki ya maji inategemea sili ya mpira. Sili ikipasuka gari linashuka bila kutoa onyo, kwa hiyo hakuna anayeingia chini ya gari lisilokaa juu ya stendi. Vumbi la breki halipulizwi kwa kompresa, maana linaishia kwenye mapafu. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa ya moto, kwani maji yaliyo chini ya shinikizo hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na yanachemka yote kwa pamoja pale shinikizo linapoondoka. Mafuta mapya ya breki ya DOT 4 hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155 hivi, na kwenye mteremko mrefu mvuke ukiingia kwenye mfumo kanyagio linazama hadi chini. Mwanafunzi anayeweza kumweleza mteja hilo kwa sentensi mbili atakuwa amemlinda.

Magari ya umeme na haiburidi

Wapo wanaosema mambo haya yasubiri. Toyota Prius iliingia sokoni Japani mwaka 1997, na haiburidi zilizochoka, yaani magari yenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, sasa zinafika kwenye gereji za kawaida kabisa. Betri zake kubwa huzidi volti 200, na magari mengi ya umeme ni ya volti 400 au hata 800. Msingi wa kupima ni uleule niliouanza na stata. Kinachobadilika ni kwamba kosa moja linaua.

Nyaya za rangi ya chungwa hazishikwi na mwanafunzi kabla ya mfumo kuzimwa kwa utaratibu wa mtengenezaji: kutoa kizibo cha usalama, kusubiri dakika zilizotajwa ili kapasita ziishiwe chaji, kisha kupima na kuthibitisha sifuri, kwa mita ya daraja la usalama la CAT III, volti 1000, na glavu za mpira zilizokaguliwa kwa kuzijaza hewa siku hiyohiyo. Chuo kisicho na vifaa hivyo kifundishe nadharia na kuzitambua hatari, kisifanye mazoezi kwa kubana matumizi.

Jambo jingine ninalolipigania ni mafunzo ya vitendo kazini. Vijana wengi hupelekwa gereji, wakaosha vifaa na kupitisha spana hadi muda ukaisha. Kabla ya kumpeleka mtu naongea na fundi mkuu, tunakubaliana orodha fupi ya kazi atakazofanya mwenyewe chini ya uangalizi: kupima mfumo wa chaji, kutoa hewa kwenye breki, kusoma kodi na kuzieleza. Mwanafunzi anabeba daftari la kila gari alilogusa, lenye lalamiko, kipimo na matokeo. Akienda kuomba kazi, alifungue daftari hilo mbele ya mwajiri.

Wanaponiuliza wanunue kifaa gani kwa pesa ya kwanza, nawaambia multimita nzuri kabla ya seti kubwa ya soketi. Iwe na fyuzi kwenye upande wa ampea, ihifadhi kiwango cha juu na cha chini ili ikamate volti inayoporomoka wakati stata inazunguka, na nyaya zake ziwe laini, zenye ncha kali ya kufika nyuma ya soketi bila kutoboa ganda la waya.