Kito cha maabara si kipande cha chupa

Mpelekee sonara kito cha maabara, yaani kilichotengenezwa na watu badala ya kuchimbwa, akutengenezee pete, na hakosi mtu wa kupita akasema, "Ah, hiyo feki." Neno hilo hubebeshwa vitu viwili visivyofanana. Almasi ya maabara ni kaboni, sawasawa na ile ya Mwadui, Shinyanga. Zirkonia si almasi hata kidogo, inaigiza tu mng'ao. Zikiwa za ukubwa mmoja, zirkonia huwa na uzito wa zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa almasi. Ile kalamu ya sonara inayopima jinsi kito kinavyopitisha joto huikataa zirkonia, lakini almasi ya maabara huipitisha bila wasiwasi, kwa sababu ni almasi.

Wengine husema, "Mambo ya juzi haya." Juzi ya mwaka 1902! Ndipo Mfaransa Auguste Verneuil alipotangaza namna ya kutengeneza yakuti nyekundu, yaani rubi: unga wa alumina (oksidi ya alumini) wenye kromu kidogo unadondoshwa kupitia moto mkali, unayeyuka, unaganda tone juu ya tone. Kwa hiyo hata pete ya bibi, aliyoapa kwamba ina rubi ya ardhini, huenda ilitoka kiwandani. Sonara mwenye lenzi nzuri atatafuta mistari iliyopinda ndani ya kito; katika yakuti ya ardhini, mistari ya ukuaji hunyooka.

Linaloniudhi zaidi ni hili la "vya maabara ni dhaifu". Yakuti ina ugumu wa 9 katika kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, iwe ya mgodini au ya maabara. Tanzanite yetu, pamoja na uzuri wake wote, iko kati ya 6 na 7, na vumbi la kawaida lina chembe za mchanga zenye ugumu wa 7. Anayefua, anayepika na anayeshika usukani kila siku na pete yake, mimi ningempa yakuti ya maabara. Tanzanite ikae kwenye hereni au kidani. Na siku ukipeleka pete ya tanzanite kuongezwa ukubwa, mwambie fundi ni kito gani kabla hajawasha moto. Joto la ghafla hukipasua.

Hapohapo kuna mtego. Ukiambiwa "hii ni tanzanite ya maabara", jua si tanzanite. Kinachouzwa kwa jina hilo huwa ni forsteriti, madini mengine kabisa, iliyotengenezwa, au kioo cha rangi. Kioo ukikigeuza hakibadili rangi, ilhali tanzanite huhama kati ya buluu na zambarau. Forsteriti ni janja zaidi, inabadilika pia, ila ukiitazama kwa lenzi, kingo za nyuma zinaonekana mbilimbili. Wengine nao huita feki tanzanite iliyopikwa. Hapana: nyingi zilitoka machimboni Mererani zikiwa za kahawia, joto likazitoa buluu. Bado ni za ardhini.

Bei nayo ina uvumi wake. Kito cha maabara kikiwa rahisi, pete haiwi rahisi vilevile, maana dhahabu na mkono wa fundi havijashuka. Wala usiiweke kama akiba: almasi za maabara zimeporomoka bei sana miaka ya karibuni. Ukirudi dukani kuiuza, sonara atakitoa kito, akiweke pembeni, kisha aipime dhahabu kwa gramu.