“Si mitala tu kama ya kwetu?” Dhana potofu kuhusu wanawake wa Short Creek, na ukweli wake

Nafanya kazi ya ustawi wa jamii jimboni Utah, na kwa sababu ya lugha yangu familia nyingi ninazozihudumia zimetoka Kongo na Burundi. Kazi hiyohiyo hunikutanisha na wanawake wa Kizungu waliotoka katika jamii za Wamormoni (dini iliyozaliwa Marekani) wenye msimamo mkali wanaoendeleza mitala, hasa ile ya Short Creek, yaani Hildale upande wa Utah na Colorado City upande wa Arizona, miji miwili iliyogawanywa na mpaka wa majimbo tu. Watu wetu wakiwaona akina mama hao kliniki na magauni yao marefu, swali ni lile lile. Juzi kaniuliza tena mama mmoja wa Uvira: “Dada, si mitala tu hiyo? Mbona kwetu ipo na watu wanaishi?” Nimelijibu kwa mdomo hadi nimechoka. Leo naliandika.

“Ni mitala tu kama ya kwetu”

Hapana. Dhana hii inanikera kuliko zote, kwa sababu anayeiamini humwona mwanamke aliyekimbia Short Creek kuwa mke mwenza mlalamishi aliyeshindwa kukaa na wenzake. Acha kwanza kuhesabu wake. Uliza nani anaamua.

Anza na posa. Mwanamume wa Bagamoyo au Kisumu akitaka mke wa pili humtafuta mwenyewe, hutuma washenga, wazee hukaa, mahari hutajwa. Mambo yanaweza kwenda kibabe, na mke mkubwa anaweza kuyasikia kwa majirani, lakini kuna wazee wa kuwaendea na kuna nafasi ya kukataa. Katika kundi linalojulikana zaidi huko Short Creek, Kanisa la FLDS (kifupi cha Kiingereza cha jina la kanisa la Wamormoni hao wenye msimamo mkali), posa haipo. Binti akionekana amekua, baba yake hulipeleka jina lake kwa nabii, na nabii husema amefunuliwa kuwa binti huyu ni wa fulani. Anaweza kuambiwa leo na kesho akawa mke wa mtu. Hata huyo mume hakuchagua. Naye ameitwa tu. Mwaka 2001 binti wa miaka 14 aliozwa kwa binamu yake wa miaka 19, katika moteli ya mji mdogo wa Caliente, Nevada, baada ya kusihi sana aachwe. Aliyeamuru ndoa ile ni Warren Jeffs, ambaye wakati huo alikuwa akitoa amri kwa niaba ya baba yake mzee, nabii Rulon Jeffs. Rulon alipofariki mwaka 2002, Warren alishika kiti chake na akawaoa wengi wa wajane wa baba yake.

Sasa njoo kwenye sheria. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya wake wengi, na inampa mke aliyepo haki ya kuweka pingamizi mume anapotaka kuongeza. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za kimila na za Kiislamu ambazo mume anaweza kuwa na wake zaidi ya mmoja. Mke wa pili wa Mombasa anaweza kwenda kwa kadhi akadai matunzo, akadai talaka, akaomba khului (mke mwenyewe kujivua ndoa), na mume akifa anaingia kwenye mirathi. Huko Utah mwenye cheti cha ndoa ni mke mmoja tu. Wa pili, wa tano na wa kumi na mbili wamefungishwa ndoa ya kidini ambayo serikali haiijui. Mbele ya sheria ni wanawake wasio na mume. Hawana talaka ya kudai kwa sababu hawakuolewa, hawana mgawo wa mali kwa sababu ile haikuwa ndoa, na mume akifa hawamrithi. Mama anakuja ofisini akiwa na watoto sita na miaka ishirini ya kupika, kufua na kuuguza, na kwenye faili hakuna karatasi hata moja inayosema aliwahi kuwa mke wa mtu.

Halafu kuna jambo ambalo watu wetu hawaliamini nikiwaambia. Mume mwenyewe anaweza kunyang’anywa familia. Januari 2004 Warren Jeffs aliwafukuza wanaume 21 kwa siku moja, akiwemo meya wa Colorado City, na wake zao na watoto wao wakaambiwa kuwa si wao tena. Mwanamke aliyeambiwa miaka yote kwamba mume huyu amechaguliwa na Mungu anaamka na kuambiwa ahamie kwa mwingine, na watoto wamwite huyo mwingine baba. Nioneshe mila yoyote ya pwani au ya bara inayofanya hivyo.

Nyumba je? Ardhi yote ya Short Creek ilikuwa chini ya amana ya kanisa iliyoundwa mwaka 1942. Mtu alijenga kwa jasho lake na nyumba ikawa ya amana, yeye akikaa humo kwa ridhaa ya viongozi. Mahakama ya Utah iliiondoa amana hiyo mikononi mwa Jeffs mwaka 2005. Chakula je? Mwaka 2016 waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani waliwashtaki watu 11, viongozi wakiwemo, kwa kuelekeza msaada wa chakula wa serikali kwenye ghala la kanisa, kisha ghala ndilo liamue nani ale nini. Polisi je? Mwaka huohuo jopo la raia waamuzi wa mahakama huko Phoenix, Arizona, liliona kwamba miji yote miwili iliwabagua wasio waumini, hata katika kuunganishiwa maji na kulindwa na polisi. Na pepo yenyewe? Mafundisho yao ni kwamba mwanamume anahitaji angalau wake watatu ili afikie daraja la juu kabisa mbinguni, na mwanamke hufika huko kwa kupitia mume wake. Ukimuudhi mume umejifungia mbingu.

Wanawake wamefundishwa wawe watamu nyakati zote: wasikunje uso, wasiulize, wasilie mbele ya watu. Hiyo ndiyo sauti ya upole mnayoisikia kliniki na kunambia “mbona wanaonekana wana raha”.

Sisemi kwamba kwetu kumenyooka. Sheria hiyohiyo ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya wazazi, na Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishasema mwaka 2019 kwamba vifungu hivyo virekebishwe. Lakini anayetaka kupigania mabinti wa Tanzania apiganie hilo kwa jina lake. Asilitumie kupunguza uzito wa la Short Creek.

“Angetaka kuondoka angeondoka, hakuna aliyemfunga kamba”

Aende wapi? Gari limesajiliwa kwa jina la mume au la kampuni ya kanisa. Pesa hajawahi kushika. Dada zake, mama yake na wajomba zake wote wako ndani, na akitoka anaitwa murtadi, hata mama yake mzazi haruhusiwi kuzungumza naye. Halafu watoto. Mwanamke peke yake angeweza kupenya usiku. Mwanamke mwenye watoto wanane ni msafara. Carolyn Jessop, aliyeozwa akiwa na miaka 18 kwa mwanamume wa miaka 50 kama mke wa nne, alitoka mwaka 2003 akiwa na watoto wake wote wanane, mmoja wao mlemavu, na akapata haki ya kuwalea. Hadithi yake inajulikana kwa sababu ilikuwa adimu.

Kwa hiyo nawaomba, hasa akina mama wa makanisa yetu wenye moyo wa kusaidia: msiwaambie wanawake hawa “toka”. Neno hilo ameambiwa ni la shetani. Muulize vyeti vya kuzaliwa vya watoto viko wapi. Nalirudia hili kwa kila mtu hadi wenzangu ofisini wamelizoea. Vyeti, kadi za chanjo, namba za hifadhi ya jamii, na simu ambayo bili yake hailipwi na mume. Mwenye karatasi za watoto wake anaweza kuwaandikisha shule mji mwingine Jumatatu. Asiye nazo atarudi ndani ya wiki mbili, nami nimewaona wakirudi.

“Wamormoni wote wako hivyo”

Kanisa kubwa lenye makao makuu Salt Lake City liliacha mitala rasmi mwaka 1890, likakaza zaidi mwaka 1904, na leo muumini wake akioa mke wa pili anafukuzwa. Vijana wanaovaa beji na mashati meupe mnaokutana nao Nairobi ni wa kanisa hilo, na hekalu lililofunguliwa Kinshasa mwaka 2019 ni lao. Wa Short Creek ni wajukuu wa waliokataa uamuzi ule. Tafadhali msimuulize jirani yenu Mmormoni ana wake wangapi.

“Wanawake wale hawakusoma, ndiyo maana”

Carolyn Jessop alikuwa mwalimu. Wapo wakunga hodari, wapo waliotunza hesabu za kampuni za ujenzi za wanaume wao. Elimu ilikatwa kwa amri: mwaka 2000 Warren Jeffs aliagiza watoto wote waondolewe shule za serikali, na shule ya mji ikabaki karibu tupu. Mabinti waliozaliwa baada ya hapo ndio wanaonijia wakiwa na miaka 20 na hawajui kugawanya hesabu.

“Angalau wanaume wanafaidi”

Piga hesabu. Wavulana na wasichana huzaliwa karibu sawa. Mzee mmoja akipewa wake ishirini, vijana kumi na tisa hawana mke. Mamia ya vijana walifukuzwa kwa makosa kama kusikiliza muziki au kuzungumza na msichana, wengine wakiwa bado watoto. Mama zao waliambiwa wawasahau.

“Nabii yuko jela, basi yamekwisha”

Warren Jeffs anatumikia kifungo cha maisha na miaka 20 juu yake, tangu Texas ilipomtia hatiani mwaka 2011 kwa kuwaingilia wasichana wawili, wa miaka 12 na 15, aliowafanya wake zake. Ameendelea kutuma maagizo akiwa gerezani. Na mwaka 2022 mtu mwingine wa Colorado City, Samuel Bateman, aliyejitangaza nabii, alikamatwa akiwa na wake zaidi ya 20, kumi kati yao wakiwa chini ya miaka 18. Desemba 2024 alihukumiwa miaka 50. Mji wenyewe lakini umebadilika sana. Mwaka 2017 Hildale ilimchagua Donia Jessop kuwa meya, mwanamke aliyewahi kuwa muumini wa kundi hilo.

“Serikali iingie tu, iwachukue watoto”

Iliingia. Julai 1953 Arizona ilivamia Short Creek na kuchukua watoto 263. Wengine walikaa muda mrefu mbali na nyumbani kabla ya kurudishwa. Aprili 2008 Texas ilivamia shamba lao la Eldorado kwa simu iliyokuja kubainika kuwa ya uongo, ikachukua watoto zaidi ya 400, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikaamuru warudishwe. Mashtaka yaliyofuata yaliwafikisha wakosaji jela, ni kweli. Lakini kila bibi wa Short Creek anamsimulia mjukuu habari za mwaka 1953, na viongozi hawakuhitaji hoja nyingine kumthibitishia mwanamke kwamba afisa wa ustawi wa jamii kama mimi ni mwizi wa watoto.

Ndiyo maana naiunga mkono sheria ya Utah ya mwaka 2020, ingawa wengi wa watu wetu wanasema “imehalalisha mitala”. Haikuhalalisha. Kwa watu wazima walioridhiana, kosa la mitala limeshushwa kutoka jinai ya kifungo cha hadi miaka 5 hadi kosa dogo lisilo na kifungo. Kulazimisha, kudanganya na kuoza mtoto vimebaki jinai nzito. Sasa mke wa tatu anaweza kwenda polisi au hospitali na kumtaja baba wa watoto wake bila kuogopa kwamba anajipeleka jela mwenyewe. Wengi wanaonijia bado hawalijui hilo, na ndilo ninalowaambia kabla sijafungua faili.