Ramani ya topografia ya zamani: inavyofukua historia ya kijiji

Ramani ya topografia ni ramani inayoonyesha sura ya nchi: milima na mabonde kwa mistari ya kontua (inayounganisha sehemu zenye kimo sawa), mito, vijia, mashamba, visima, hata nyumba moja moja. Zinazojulikana zaidi Tanzania zina skeli ya 1:50,000, yaani sentimita 2 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Nyingi zilichorwa kutokana na picha zilizopigwa kwa ndege, wakati wa Waingereza na baada ya uhuru.

Karatasi ya namna hiyo ikishapitwa na wakati ndipo inapomfaa anayetafuta habari za kwao. Kwa vijiji vyetu sababu kubwa ni Operesheni Vijiji. Mwishoni mwa 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na muda wa mwisho ukawa 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa kutoka makazi yaliyotawanyika, wengi wakapangwa kandokando ya barabara. Ramani iliyochorwa kabla ya hapo bado inawaonyesha walipokuwa: vidoti vya nyumba vimefuata mto, na vijia vinakutana kisimani. Ilinganishe na picha ya setilaiti ya leo. Palipokuwa na vidoti sasa ni pori, lakini tafuta miembe mikubwa iliyosimama pamoja mbali na nyumba yoyote. Hayo aghalabu ni mahame, na huenda makaburi ya babu zako yako hapo.

Kusini utakuta pia reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza na kufungwa 1962.

Kabla ya kuamini chochote, soma maandishi ya pembezoni. Mwaka wa kuchapwa na mwaka wa kupigwa picha ni vitu viwili, na hupishana kwa miaka kadhaa. Majina nayo yanataka uangalifu: yaliandikwa kama mpimaji alivyoyasikia, na vitongoji vingi viliitwa kwa jina la jumbe wa wakati huo. Jumbe akifa, au watu wakihama, jina linaweza kuhama nao. Kwa hiyo ukikaa na wazee, anza na mito na vilima. Mkishakubaliana mto ni upi, waulize nani alikaa ng'ambo ipi, kisha andika majina hayo juu ya nakala, kidoti kwa kidoti.